Mfumo wa Siku Mbili

Jumatatu sijamaliza hata chai, simu ikaita. Mfanyabiashara wa vifaa vya umeme jua, mwenye maduka mawili na wauzaji kumi na mmoja. "Fundi, nikuulize jambo dogo tu. Hawa wenye mfumo wa wateja wanataka niwalipe dola kila mwezi, tena kwa kila kichwa. Mpwa wangu katengeneza wa kwetu kwa akili unde, siku mbili tu, na unafanya kazi. Sasa nilipie nini?"

Mwezi huu swali hilo nimeulizwa pia na mwenye zahanati, na wakala wa safari za watalii, na dada mmoja anayeuza vitenge kwa jumla. Nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja. Nalijibu hapa, na atakayepiga tena nitamtumia makala hii.

Tuanze na yale maneno mawili, "unafanya kazi", maana humo ndimo mtego ulimo.

Sina ugomvi na akili unde. Naitumia kila siku, na kazi iliyokuwa ikinila wiki sasa naimaliza kabla ya adhuhuri. Ninachokataa ni imani kwamba bei ya programu ni bei ya kuiandika, kwa hiyo mashine ikiandika bure, programu nayo imekuwa ya bure. Imani hiyo ilikuwa ya uongo hata kabla ya mashine hizi. Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, aliandika mwaka 1975 kwamba programu inayomtii aliyeitunga, kwenye mashine yake mwenyewe, ni kitu kimoja. Programu ambayo watu wengine wataitegemea, iliyojaribiwa, yenye maelezo, inayoelewana na programu nyingine, ni kitu kingine kabisa, na alikadiria kuwa hugharimu mara 9 ya ile ya kwanza. Akili unde imeishusha ile moja hadi karibu na sifuri. Nane zilizobaki imezigusa kwa ncha ya kidole.

Hata aliyeupa umaarufu mtindo huu wa kuiachia mashine iandike programu hakudai zaidi ya hapo. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, alieleza jinsi anavyoiambia mashine anachotaka, anakubali kila inachoandika, wala hakisomi. Watu wakashika hapo. Hawakushika alipoongeza kwamba mtindo huo unafaa kwa vijiprogramu vya mwisho wa juma, vya kutumia na kutupa. Wateja elfu tatu wanaokudai huduma, na wewe unawadai fedha, si vitu vya mwisho wa juma.

Jumatano nilikwenda kuuona mfumo wa mpwa. Unapendeza, sikatai. Rangi zimetulia, na dashibodi ina duara linalogawanyika vipande vipande ukiligusa. Nikaomba orodha ya wateja.

Mteja mmoja, mwenye duka la dawa, yumo mara nne. Muuzaji wa kwanza aliandika namba yake ya simu ikianza na sifuri, wa pili akaanza na 255, wa tatu akaweka na alama ya kujumlisha, wa nne akaandika tarakimu tisa tupu. Kwa mfumo hao ni watu wanne. Wiki iliyopita wauzaji watatu walimpigia kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja na bei yake. Akachukua ya chini, akawashukuru wote. Mzee mwenye maduka alidhani wauzaji wake wanahujumiana.

Kisha ujumbe wa kukumbusha malipo ya awamu. Karani alijaza "saa 3", akimaanisha saa tatu asubuhi kama mtu yeyote mwenye akili timamu hapa kwetu. Mashine ikasoma tatu ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Wadaiwa walipokea ujumbe wa deni wakiwa usingizini, na mama mmoja alimpigia mzee saa hiyo hiyo akilia, akidhani kuna msiba. Mpwa anazijua saa zetu tangu utotoni. Hakuwaza tu kwamba mashine inahitaji kuambiwa, na mashine haikuuliza. Ukinunua mfumo wa nje nao una saa za Kizungu, lakini unamlazimisha karani achague asubuhi au usiku, kwa sababu kuna mtu alishapata aibu hiyo miaka mingi iliyopita akairekebisha. Marekebisho ya aina hiyo, maelfu kwa maelfu, ndiyo unayouziwa. Hayaonekani kwenye picha ya skrini.

La tatu lilininyima raha. Ukurasa wa mteja ulikuwa na anwani inayoishia na 214. Nikachukua simu yangu mwenyewe, isiyo na nenosiri lolote la duka lile, nikaandika anwani ileile na kubadilisha mwisho kuwa 215. Ukafunguka: jina, mtaa, namba ya NIDA, deni, na maelezo ya muuzaji kwamba "huyu msumbufu". Nikaenda 216. Nikaacha. Kosa hili limekutwa katika programu nyingi zilizoundwa kwa maelekezo ya mdomo tu: mlango wa mbele una kufuli zuri, na chumba cha ndani hakina hata komeo. Mashine iliombwa itengeneze ukurasa wa kuingilia, ikautengeneza. Hakuna aliyeiomba imzuie mtu asiyepita mlangoni.

Nikauliza nakala rudufu iko wapi. "Mtandaoni." Mtandao upi? Kimya.

Kwa wanaoona natia chumvi: Julai 2025 Jason Lemkin, mwekezaji wa Marekani aliyetumia miaka mingi katika biashara ya programu, alikuwa akitengeneza yake kwa msaada wa akili unde ya Replit, jukwaa la kutengenezea programu. Aliiambia tena na tena isibadilishe chochote. Ikafuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Kisha ikamwambia kwamba taarifa hazirudishiki, na hilo nalo halikuwa kweli, maana alipojaribu zilirudi. Mkuu wa Replit aliomba radhi hadharani. Lemkin alikuwa na ujuzi wa kutoiamini mashine na kujaribu. Mpwa angeiamini.

Hapo ndipo mtu huniletea Klarna. "Mbona Klarna wameacha Salesforce, wakajenga wa kwao kwa AI?" Mwaka 2024 Sebastian Siemiatkowski, mkuu wa kampuni hiyo ya Sweden, alisema kweli kwamba wameachana na Salesforce, mfumo wa wateja wa kununua, na habari ikasambaa kama moto wa nyika. Machi 2025 alirudi mwenyewe kueleza kwamba hawakuiondoa wakaweka akili unde mahali pake. Walichofanya ni kuzikusanya taarifa zao zilizotawanyika na kuzipanga upya kwa mifumo yao, na kwingine wakaendelea kutumia programu za kununua. Hiyo ni kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi na wahandisi wake wa kudumu. Mwenye maduka mawili ya sola hawezi kuitumia kama kigezo, kama vile mwenye bodaboda hapangi safari zake kwa ratiba ya ndege.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo iliyoanzisha yote. Tuseme dola 15 kwa mtumiaji. Watu 11 ni dola 165 kwa mwezi, shilingi zaidi ya laki nne. Inauma, hasa dola inapopanda. Lakini nionyeshe fundi anayejua kazi yake atakayekubali, kwa laki nne, kulinda mfumo wako usiku na mchana, kuzuia wezi, kuhifadhi nakala, kurekebisha kila mara kampuni ya simu inapobadilisha utaratibu wa ujumbe, na kumfundisha karani mpya. Ada ile ni mshahara wa mlinzi wa usiku, mnaugawana na wenye biashara wengine duniani. Mpwa wako aliujenga ukuta. Septemba anakwenda chuo Dodoma.

Na sheria haitamfuata yeye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtambua mwenye biashara kuwa mkusanyaji wa taarifa, inamtaka ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti juu ya kuzipeleka taarifa nje ya nchi. Hili la mwisho linawahusu hata wanaonunua, na pia wanaobandika orodha nzima ya wateja kwenye akili unde ili iwapangie. Kenya wana yao tangu 2019, na wanaotaka kujua kama inauma waulize shule, ukumbi wa starehe na kampuni ya mikopo ya simu zilizotozwa faini Septemba 2023, jumla zaidi ya shilingi milioni 9 za Kenya.

Msinielewe vibaya kwamba kununua ni dawa. Nimeingia ofisi ambako mfumo wa bei mbaya umelala mwaka mzima, wauzaji wanauita "ule wa bosi", na wateja wote wanaishi kwenye simu binafsi za wauzaji. Muuzaji akihama, anahama nao. Ugonjwa huo hautibiwi na programu, iwe ya kununua au ya kutengeneza. Dawa yake ni bosi kukataa kulipa kamisheni ya mauzo ambayo hayajaandikwa. Lakini hakuna anayenipigia simu kuuliza hilo.

Haya, wanaotaka cha kufanya. Kama hamzidi watu watatu, tumieni WhatsApp Business na lebo zake pamoja na jedwali moja la pamoja mtandaoni, muache kuzungumzia mifumo kwa mwaka mmoja. Zoho nao wana toleo la bure la mfumo wa wateja kwa watumiaji watatu, lijaribuni. Kati ya watu wanne na thelathini, nunueni ulio tayari, na kabla ya kulipa hakikisheni mambo matatu: mnaweza kutoa orodha yenu yote siku mkiondoka, unafunguka vizuri kwenye simu ya bei rahisi yenye intaneti ya kusuasua, na namba za simu zinasawazishwa zenyewe. Mkiiogopa dola, zipo programu huria kama EspoCRM, SuiteCRM na ERPNext, leseni haina bei, ila seva na fundi mtalipia, basi msiniambie ni bure. Akili unde itumieni pembeni: ripoti ya Ijumaa, kusafisha majina yaliyojirudia, kuoanisha miamala ya Lipa Namba na madeni. Kitu ambacho kikifa asubuhi, biashara inaendelea hadi jioni. Kutengeneza mfumo mzima kwafaa pale tu ambapo kazi yenu haifanani na ya mtu mwingine, na mnaye fundi kwenye orodha ya mishahara, mwenye msaidizi anayeujua mfumo kama yeye. Vyote viwili. Kimoja hakitoshi.

Na wewe mzee wa sola, jibu lako ni nunua. Ila leo hii, kabla ya hayo yote, zima ule mfumo usionekane mtandaoni, na mwombe mpwa wako akupe nenosiri la seva. Nilipokuuliza Jumatano, hukuwa nalo.