Nyumba ya Vipande Huanzia Chini

Wengi wanaojijengea nyumba ya vipande vya kiwandani huingia hasara kabla lori halijafika, kwa kudhani kwamba bei waliyoonyeshwa ndiyo bei ya nyumba. Bei isiyobeba nyumba nzima si jambo jipya. Kuanzia 1908 hadi 1940, kampuni ya Sears, Roebuck ya Marekani iliuza nyumba kwa katalogi: mbao, ambazo baadaye zilikuja zikiwa zimekwisha kukatwa na kutiwa namba, zilipakiwa kwenye behewa hadi stesheni ya mteja. Saruji na matofali hayakuwamo, na mabomba na nyaya za umeme vililipiwa mbali. Hakuna aliyetapeliwa: kiwanda huuza kinachosafirika, na msingi hausafiriki. Kwetu pia, msingi, shimo la maji taka na kuvuta maji na umeme hubaki kwa mwenye kiwanja, hata kama ukuta ungekuwa wa bure.

Dhana nyingine ni kwamba paneli ya povu ni boksi la samaki lililosimamishwa. Zile zilizoanza kutengenezwa Mavoko na Shirika la Nyumba la Taifa la Kenya zina povu katikati na wavu wa chuma pande zote mbili, kisha hunyunyiziwa zege zikishasimamishwa. Kinachobeba mzigo ni zege na chuma. Povu huzuia joto tu.

Lakini kelele za siku hizi ni za kontena. Eti ni nyumba tayari, bado madirisha tu! Kontena la futi 40 lina upana wa takriban mita 2.35 kwa ndani. Bila kizuia joto, mchana wa Dar es Salaam au Mombasa halikaliki. Weka fremu, kizuia joto na jipsamu, tuseme sentimita 7 kila upande, unabaki na mita 2.21; kitanda cha sita kwa sita kikiingia, njia ya kupita ni sentimita 38, na kabati halifunguki. Dirisha nalo lina gharama yake. Mzigo hubebwa na nguzo nne za pembeni, ila lile bati la mikunjo ubavuni ndilo linalozuia boksi lisiyumbe na boriti zake zisipinde. Ukikata tundu pana bila kuchomelea fremu ya chuma kulizunguka, mlango wa kioo utakuja kukwama. Wapo pia wanaolikataa wakisema chuma huita radi. Radi hufuata kilichoinuka, na gamba la chuma lililounganishwa vizuri na ardhi huupitisha umeme wa radi nje ya waliomo. Sababu za kulikataa kontena zinatosha bila hiyo.

Watetezi wa vipande vya kiwandani watajibu kwamba huokoa muda. Ni kweli, ila muda huo hulipiwa mapema, kwenye michoro. Fundi wa tofali akikuta msingi umekosea sentimita mbili, huzificha kwenye lipu; paneli iliyokwisha kukatwa haifichi kitu, na bomba la choo lililotokeza mahali pasipo pake humaanisha kuvunja zege jipya. Kwa hiyo, kabla ya kulipa malipo ya awali, dai mchoro wa msingi unaoonyesha kila bomba, na maandishi ya nani atalipia kipande kitakachovunjika njiani. Msingi ukikauka, pima kona hadi kona, mishazari yote miwili. Ikitofautiana kupita kiwango kilichoandikwa kwenye mchoro, lori lisubiri.