Kazi chache, marejeo mengi: John Hajnal na demografia ya familia

Kila msaidizi anayeandaa faili la kupandishwa cheo hujua swali la kwanza atakaloulizwa: umechapisha makala ngapi? Miaka hii limeongezeka swali la pili: zimerejelewa mara ngapi na wataalamu wengine? Kabla ya kuyakubali maswali hayo kama mizani ya haki, inafaa tutazame kazi za mtaalamu mmoja wa demografia ya familia ambaye mizani hiyo humpima vibaya.

John Hajnal alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1924, akafundisha takwimu kwa miaka mingi katika London School of Economics, na kufariki mwaka 2008. Maandishi yake juu ya ndoa na familia si mengi, na sifa yake imesimama hasa juu ya matatu: makala ya 1953, sura ya kitabu ya 1965, na makala ya 1982. Kati ya la kwanza na la pili ilipita miaka 12, na kati ya la pili na la tatu miaka 17. Kamati nyingi za leo zingemwita mvivu.

Inayojulikana zaidi ni sura ya 1965. Humo Hajnal alichora mstari kutoka Leningrad (Saint Petersburg ya leo) hadi Trieste. Magharibi ya mstari huo, alieleza, watu walichelewa kuoa na kuolewa, na wengi walizeeka bila ndoa. Mashariki yake karibu kila mtu aliingia katika ndoa, tena mapema. Mwaka 1982 aliongeza sababu: katika Ulaya ya kaskazini-magharibi vijana walitumikia kwanza katika nyumba za wengine, kisha, walipooana, wakaanzisha kaya yao wenyewe badala ya kukaa kwa wazazi.

Je, waliomrejelea wote walimsifu? Hata kidogo. Mikołaj Szołtysek, kwa mfano, ameonyesha kwamba kaya za Poland na Lithuania ya zamani hazikufuata mgawanyo ule wa pande mbili. Tracy Dennison na Sheilagh Ogilvie, mwaka 2014, walikataa hoja kwamba ndoa za aina hiyo ndizo zilizoleta ukuaji wa uchumi Ulaya, hoja ambayo wengine waliijenga juu ya msingi wa Hajnal. Katika hesabu, anayebisha na anayekubali huandikwa sawasawa: rejeo moja.

Lakini kwa maoni yetu kazi yake kubwa ni ile ya 1953. Swali lilikuwa hili: tujueje wastani wa umri wa ndoa ya kwanza mahali ambapo ndoa haziandikishwi? Hajnal alijibu kwamba sensa inatosha, mradi iseme umri, jinsia, na kama mtu amewahi kuwa na ndoa. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika kila wanawake 100 wa rika moja, ambao hawajaolewa kamwe ni 70 (miaka 15-19), 30 (20-24), 10 (25-29), 6 (30-34), kisha 4 katika kila rika hadi miaka 50. Jumla ni 128. Kila rika lina miaka 5, basi tunapata miaka 640 ya useja. Tunaongeza 1500, yaani miaka 15 ya utoto kwa watu 100, tunapata 2140. Tunaondoa miaka 200 ya wale 4 ambao hawakuolewa kabisa. Zinabaki 1940, tunagawanya kwa 96: wastani ni miaka 20,2.

Umoja wa Mataifa hutumia kipimo hiki kulinganisha nchi na nchi, na mwanafunzi wa demografia hukikuta katika vitabu vya mbinu. Wengi hukikokotoa bila kutaja makala ya 1953, kama vile asemaye kilo asivyomtaja aliyeibuni. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, aliliona jambo hili: kazi ikifaulu sana humezwa na matumizi yake, na mwandishi hutoweka katika marejeo. Na kipimo alichopendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005 hakimsaidii: mtu hupata 3 akiwa na kazi tatu zilizorejelewa angalau mara tatu kila moja. Hata zikirejelewa mara elfu, kazi tatu zitabaki kumpa 3.

Kwetu Kongo, ambako ndoa nyingi hazifiki kwa ofisa wa serikali, mbinu ya 1953 ina thamani ya pekee. Hata hivyo inategemea neno moja. Karani akimuuliza mwanamke «Umeolewa?», naye anakaa na mwanamume ambaye familia yake imetoa sehemu tu ya mahari, ajibu nini? Mbele ya baba yake atasema bado. Mbele ya jirani atasema ndiyo. «Unakaa na mume?» ni swali jingine, na huleta hesabu nyingine. Hapo mwanatakwimu anamhitaji mwanaisimu, na kazi ya kutunga swali hilo katika Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha Kisangani haitampa mtu makala nyingi za kuweka katika faili.