Je, Wajua? Bustani ya Gihosha Mwenyewe Akiwa Safarini

Umerudi kutoka safari ya likizo kubwa. Kuanzia katikati ya Bujumbura hadi mtaa wa Gihosha ni vumbi, nyasi za kando ya barabara zimekauka, na vilima vya juu vimepauka. Unafungua geti, unazunguka nyuma ya nyumba, na mboga za lengalenga zimekufika kiunoni. Imewezekanaje?

Je, wajua kwamba uliondoka katika miezi iliyo kavu kuliko yote? Bujumbura hupata mvua ya kama milimita 800 kwa mwaka, lakini kati ya Juni na Agosti ni kama hakuna. Mboga zilizonawiri Agosti hazikujinywesha. Kuna mtu aliyebeba ndoo, na huyo ndiye wa kwanza kushukuriwa, kabla hata ya kufungua mizigo.

Je, wajua kwamba hapa jua halina msimu wa kuchelewa kuzama? Mji uko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki nusu saa. Kule Brussels, mwezi Juni mwanga hudumu zaidi ya saa 16, na Desemba kama saa 8 tu. Mkulima wa Brussels husubiri mwanga na joto. Wa Gihosha anavyo mwaka mzima, anachosubiri ni maji. Akiyapata, kiangazi humfaa hata kuliko masika, kwa kuwa majani yanakaa makavu na magonjwa ya ukungu hupungua.

Wakulima wa Burundi wanalijua hilo. Kalenda yao ina misimu mitatu: A inaanza na mvua za Septemba, B inaanza Februari, na C ndiyo ya kiangazi, inayolimwa mabondeni ambako udongo bado una unyevu.

Je, wajua kwa nini lengalenga, ambayo watu wa pwani huiita mchicha, hustahimili jua kali kuliko kabichi? Jani lake, kama la mahindi na la muwa, lina namna ya kukusanya hewa ya ukaa na kuirundika ndani. Kwa hiyo linaweza kubana vitundu vyake ili maji yasitoroke, na bado likaendelea kujitengenezea chakula. Mgagani nao una uwezo huo. Nyanya, maharage na kabichi hazina.

Je, wajua kwamba si mboga zote za bustani hii asili yake ni hapa? Intore, zile nyanya chungu zetu, ni zao lililoanza kulimwa hapa hapa Afrika. Nyanya, maharage, mahindi, maboga, pilipili na mihogo asili yake ni Amerika.

Je, wajua kwamba chungu cha udongo kinaweza kumwagilia wewe ukiwa mbali? Chagua kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, kizike hadi shingoni katikati ya miche, kijaze maji, kifunike. Udongo ukikauka huyavuta maji kupitia kuta za chungu. Ukishalowa, mvuto unapungua na maji yanatulia. Wachina waliandika juu ya njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Burundi ina Batwa, mafundi wa vyungu tangu enzi, na natamani kuona kazi yao ikizikwa katika bustani za mji huu mzima. Chungu kijazwe tena kila baada ya siku chache, lakini hilo ni jambo dogo kumwomba jirani kuliko kumwagilia asubuhi na jioni.

Sasa lile ambalo wengi hawalitilii maanani. Je, wajua kwamba bustani isiyochumwa huacha kuzaa? Ncha ya lengalenga hutoa homoni inayozuia machipukizi ya pembeni. Ikatwe, na matawi yanatoka kila upande. Iachwe, hasa penye kiu, nayo hukimbilia maua na mbegu, majani yakawa madogo na magumu. Maharage mabichi na matango ni hivyo hivyo: mbegu zikishaanza kukomaa, mmea hupunguza maua mapya. Bamia ndiyo isiyosubiri kabisa, maana siku nne hadi sita baada ya ua inafaa kuliwa, na ikipita kumi imeshakuwa nyuzi. Ndiyo maana kumwambia anayebaki nyumbani, awe mdogo wako, mpangaji au kijana wa kazi, kwamba asiguse mboga mpaka urudi, ni kuiua bustani. Mwambie achume, apike na ndagala, awagawie majirani. Kila anachokula kinakuongezea wewe.

Je, wajua kwamba ukirudi mvua zikiwa zimeanza, utakuta bustani imeruka ghafla, na si kwa sababu ya maji peke yake? Aliyelieleza jambo hili ni mtafiti H. F. Birch wa Muguga, karibu na Nairobi, katika makala yake ya mwaka 1958. Udongo ukikauka sana, vijidudu vingi hufa. Mvua ya kwanza ikiugusa, vilivyosalia huamka, hula mabaki hayo na mboji iliyolegea, na kuachia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Wanasayansi dunia nzima bado wanaliita kwa jina lake. Lakini mbolea hiyo ya bure haikai: mvua zikizidi huizamisha chini ya mizizi, na katika miteremko kama ya kuelekea mto Ntahangwa, maji huondoka na udongo wenyewe. Aliyekwisha panda ndiye anayeifaidi.

Mvua hiyo hiyo hupasua nyanya: maji huingia kwa kasi kuliko ngozi inavyoweza kutanuka. Zilizopasuka zichumwe siku hiyo hiyo, zipikwe kwanza. Boga lililokomaa na kuwa gumu halina haraka, hukaa miezi. Na lengalenga iliyokwisha toa mashuke usiing'oe yote. Acha mashina mawili matatu yakauke, yafikiche juu ya kitambaa, upepete, uchanganye mbegu hizo nyeusi na mchanga mkavu ili zisirundikane unapozimwaga, kisha uzimwage juu juu, maana ni ndogo mno na zikifukiwa sana haziibuki.