Buti Lisilopitisha Maji na Hukumu ya Kupangusa Juu ya Khuffu

 

Mlango wa kupangusa juu ya khuffu ni katika milango ya fiqhi ambayo mwanafunzi wa Ujiji huisoma na kuipita haraka. Sababu yake inafahamika. Mji hauna baridi, watu wengi huvaa kandambili, na anayetaka kutawadha huosha miguu yake bila ya taabu. Lakini wako watu wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika wanaouhitaji mlango huo kila siku. Wako wakulima wa bonde la mto Luiche na wachuuzi wa Kibirizi wanaoshinda na magambuti wakati wa masika, na wako walinzi wanaokesha na mabuti.

Na wako wenye haja kubwa zaidi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita vya Kongo. Kutoka kambi za mkoa wa Kigoma maelfu ya Wakongo na Warundi, na miongoni mwao wamo Waislamu, wamehamishiwa Marekani, Kanada na nchi nyingine za baridi. Mtu aliyekulia kando ya ziwa hujikuta katika jimbo kama Iowa au Maine, ambako theluji hulala chini kwa miezi na baridi huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Huko buti ni jambo la lazima, kwani baridi hiyo huweza kuua nyama ya vidole vya miguu.

Hapo ndipo makosa mawili hutokea. Mmoja huacha Adhuhuri na Alasiri kwa kuwa kuvua mabuti na kuosha miguu kazini ni kazi nzito. Mwingine huosha miguu, akairudisha mibichi ndani ya buti na kutoka nje, akajidhuru. Wote wawili Sheria imewafungulia mlango, ila mlango huo una masharti, na masharti hayo humfuata mtu mpaka dukani anapochagua buti lake.

ASILI YA HUKUMU

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) alikuwa na Mtume (S.A.W.) safarini, akainama ili amvue khuffu zake. Mtume (S.A.W.) akamwambia aziache, kwa kuwa alizivaa miguu ikiwa twahara, kisha akapangusa juu yake. Safari hiyo ilikuwa ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria.

Huenda mtu akauliza: mbona wazee wengine wa Ujiji hawakupata kufanya hivyo? Jibu limo katika historia ya mji wenyewe. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wamekwisha kutangulia. Waarabu wa Oman wengi wao walikuwa Maibadhi, na watu wa pwani walikuwa Mashafi. Maibadhi hawajuzishi kupangusa juu ya khuffu, wala Mashia Imamiyya. Wao hushikamana na Aya ya udhu iliyomo katika Suratul Maida. Wanazuoni wa madhehebu manne wamejuzisha, na miongoni mwa hoja zao ni Hadithi ya Jarir bin Abdillah (R.A.), aliyemuona Mtume (S.A.W.) akipangusa, hali ya kuwa yeye Jarir alisilimu baada ya kushuka Aya hiyo.

SIFA ZA BUTI

Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu, buti linalofaa kupanguswa lina sifa nne.

1. Lisitiri mguu wote pamoja na vifundo viwili, chini na pande zote. Kiatu kifupi hakifai. Gambuti pana juu, hata mguu ukionekana kwa anayechungulia kutoka juu, halidhuru. Buti la kamba au zipu linafaa likifungwa barabara. Likitoboka mguu ukaonekana mahali pa fardhi, halifai, ingawa Mahanafi na Mamaliki wamesamehe tundu dogo.

2. Liwe madhubuti, mtu aweze kutembea nalo katika haja zake: mkaazi kwa mchana na usiku wake, na msafiri kwa siku tatu.

3. Lizuie maji yasipenye kwenye mwili wake. Soksi nyepesi hutoka hapa. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameitaja kauli hii katika Minhaj kuwa ndiyo sahihi zaidi. Gambuti la mpira limo, hata kama si la ngozi.

4. Liwe twahara. Mabuti mengi, na hasa ya mitumba, hutiwa ngozi laini kwa ndani, na baadhi yake ni ya nguruwe, ambayo kwa Mashafi haitwahiriki kwa kudibaghiwa. Soma lebo, kisha itazame ngozi: ya nguruwe huwa na vitundu vya nywele vilivyokaa vitatu vitatu. Usipokuwa na dalili yoyote, asili ya vitu ni twahara.

Ndugu msomaji, zitazame sifa hizi. Anayetafuta buti la kumkinga na theluji anatafuta hayo hayo: lipande juu ya vifundo, lisipitishe maji, na lidumu.

NAMNA YA KUPANGUSA

Atawadhe udhu kamili na kuosha miguu yote miwili, kisha ndipo avae. Akitenguka udhu, atatawadha, na badala ya kuosha miguu atapitisha mkono wenye maji juu ya buti. Mkaazi ana mchana na usiku mmoja, na msafiri wa safari ya kukasiri, kama anayetoka Kigoma kwenda Tabora kwa treni, ana siku tatu na usiku wake. Muda huhesabiwa tangu udhu unapotenguka baada ya kuvaa. Aliyevaa Alfajiri na udhu ukamtenguka saa nne asubuhi, atapangusa hadi saa nne asubuhi ya pili. Mwenye janaba hana budi kuvua na kuoga.

Akilivua buti alilolipangusa, kupangusa kumebatilika. Itampasa aoshe miguu. Hili ndilo linalowatatiza wengi, maana buti lenye tope au najisi haliingii msikitini. Ufumbuzi wake ni kuvaa khuffu nyembamba za ngozi zisizopitisha maji, na juu yake buti la nje. Kwa Mashafi hupanguswa ile ya ndani. Wakati wa kutawadha atavua buti, atapangusa khuffu, ataswali nazo juu ya busati, kisha atavaa buti lake na kurudi kazini.

Kwa hiyo anunue buti lililozidi kidogo kipimo cha mguu wake, ili khuffu na soksi ya sufi zipate nafasi. Faida yake ni mbili, kwani buti linalobana huzuia damu kuteremka vidoleni na mguu hupoa haraka. Gambuti tupu lisilo na bitana halitoshi kwenye theluji: huzuia maji ya nje, lakini jasho hubaki ndani na kuupoza mguu. Usiku bitana itolewe ikauke, na ngozi isikaushwe motoni, kwani hupasuka, na buti lililopasuka huingiza maji na huweza kupoteza sharti la kupanguswa.

Tunawanasihi maimamu wa Kigoma na Ujiji, na walimu walioko makambini, wausomeshe mlango huu kwa vitendo, buti likiwa mbele ya wanafunzi, kabla msafiri hajaondoka. Ruhusa ya Mwenyezi Mungu haimfai asiyeijua.

Wallahu a'lam.