Moyo Bila Maji ni Pampu Kavu

Muulize mwanachuo yeyote moyo unafanya kazi gani, atakujibu bila kufikiri: unasukuma damu. Muulize tena, damu yenyewe ni nini hasa? Hapo wengi tunaanza kujikuna kichwa. Moyo tuliusoma kwenye mada yake, tukachora vyumba vyake vinne na kupata vema, halafu maji tukayasoma kwenye mada nyingine kabisa. Matokeo yake tunadhani kiu ni habari ya koo na mapigo ni habari ya kifua. Kumbe ni habari moja.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu. Zaidi kidogo ya nusu yake ni plazma, yaani ule ugiligili wa njano hafifu ambamo chembe za damu huelea, na zaidi ya asilimia 90 ya plazma ni maji. Moyo uliotulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa kama mililita 70. Zidisha mwenyewe: karibu lita 5 kila dakika, usiku na mchana. Maji hayo ndiyo yanayobeba sukari na chumvi, yanayopeleka uchafu kwenye figo, na yanayotoa joto ndani ya mwili na kulileta kwenye ngozi ili jasho lilipunguze.

Sasa yakipungua inakuwaje? Chukua mechi ya bonanza saa nane mchana. Mchezaji anaweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa moja. Plazma inapungua, damu inayorudi kwenye moyo inakuwa kidogo, kwa hiyo kila pigo linatoa kidogo. Moyo haukati tamaa, unaongeza kasi. Mishipa inajibana ili presha isishuke. Ubongo nao unatoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, ndiyo maana mkojo unakuwa kidogo na wa njano iliyokolea. Kiu ni sehemu ya amri hizo hizo. Zikishindwa, mtu akisimama ghafla kutoka kwenye kimbweta anaona giza, kwa sababu damu imechelewa kupanda kichwani.

Wanyama nao wana namna zao. Moyo wa twiga una uzito wa kama kilo 11, na presha yake ni karibu mara mbili ya yetu, maana damu lazima ipande shingo yenye urefu wa karibu mita 2. Akiinama kunywa maji, vali zilizomo kwenye mishipa ya shingo huzuia damu isirudi kwa kishindo kichwani. Kunywa kwenyewe ni shughuli, mpaka atanue miguu ya mbele, kwa hiyo maji yake mengi huyapata kwenye majani.

Ngamia ndiye anayesingiziwa zaidi. Eti nundu ni tangi la maji! Nundu ni mafuta. Siri yake iko kwenye damu: akikaukiwa, maji mengi hutoka sehemu nyingine za mwili na plazma hupungua kidogo tu, hivyo moyo unaendelea kuwa na cha kusukuma. Anaweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kukosa maji na bado akatembea. Akifika kisimani hunywa hata lita 100 kwa muda wa kama robo saa, na chembe zake nyekundu, zenye umbo la yai, huvimba bila kupasuka.

Sisi si ngamia. Binadamu akipoteza maji yanayofikia asilimia 10 ya uzito wake, maisha yako hatarini. Ndiyo maana kipindupindu kinaua haraka: mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na moyo mzima kabisa unabaki hauna cha kusukuma. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, ugonjwa huo uliwakumba wakimbizi waliokimbilia India. Katika kambi ya Bongaon dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi, ndugu zao wakisaidia. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Sababu ni hii: ndani ya utumbo sukari huifungulia chumvi mlango, na maji huifuata chumvi kuingia kwenye damu.

Kwa hiyo mwenzako hosteli akiharisha, usimwachie soda. Mpe ORS ya pakiti. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo huku mkielekea zahanati. Tahadhari moja: mgonjwa ambaye moyo au figo zake zimechoka hushindwa kuhimili maji mengi, yakajaa miguuni na kwenye mapafu. Huyo afuate kipimo cha daktari wake.

Kwa sisi tunaosomea ualimu, habari hii haiishii kwenye mtihani. Tukienda kufundisha tutakutana na mtoto aliyetembea kilomita kadhaa juani, ikifika saa sita analalia dawati. Kabla hujamwita mvivu, muulize leo amekunywa maji. Wapo pia wanafunzi, hasa wasichana, wanaojinyima maji makusudi kwa sababu choo cha shule hakiingiliki. Mtoto huyo moyo wake unakimbia akiwa amekaa tu, na kichwa kinamuuma ubaoni kukiwa na hesabu.

Basi siku utakapofundisha mada ya moyo, usiishie kuchora vyumba vinne. Waambie wanafunzi waweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, wahesabu mapigo kwa sekunde 30, wazidishe mara mbili. Kisha nenda ofisini kwa mwalimu mkuu ukaulizie bomba na choo, maana nazo ni sehemu ya somo hilo hilo.