Katika Udongo Mna Marafiki na Maadui

Tangu siku zetu za kwanza shuleni tulifundishwa ya kwamba uchafu huleta magonjwa, nasi twawafundisha watoto wetu vivyo hivyo. Neno hili ni kweli, wala halijatanguka. Katika karne ya 19 Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujerumani walionyesha ya kuwa magonjwa mengi huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu. Mwaka wa 1882 Koch alikivumbua kile kiletacho kifua kikuu. Tangu hapo watu wengi wakadhani ya kuwa kila kijidudu ni adui, na ya kuwa mtoto mwenye afya ni yule asiyegusa udongo hata kidogo. Leo wataalamu watufundisha kupambanua zaidi. Maadui wamo udongoni, naam. Lakini marafiki wamo pia, na yafaa kuwajua wote.

Shamba ni kitu hai

Twaeni kijiko kidogo cha udongo mzuri wa shamba. Ndani yake wamo bakteria kwa mamilioni elfu. Wanafanya nini humo? Wengi huozesha majani na mabua, wakayageuza kuwa chakula cha mimea. Wengine hukaa katika vinundu vidogo vya mizizi ya maharagwe na karanga, wakatwaa azoti iliyo hewani na kuulisha mmea. Ndiyo sababu mkulima hodari hupenda kupanda maharagwe baada ya mahindi. Hata dawa zatoka humo: mwaka wa 1943, huko Marekani, Albert Schatz na mwalimu wake Selman Waksman walipata streptomisini kutoka kwa kijidudu cha udongo. Hiyo ndiyo antibiotiki ya kwanza iliyofaa kuponya kifua kikuu.

Matumbo nayo ni shamba

Matumbo yetu pia yana wakazi wengi wa namna hiyo, hasa utumbo mkubwa. Tulapo mboga, maharagwe na matunda, zabaki nyuzinyuzi ambazo mwili wenyewe hauwezi kuzisaga. Bakteria wema huzipokea, huzichachusha, na kuzigeuza kuwa asidi laini zinazolisha kuta za utumbo. Tena huijaza nafasi, hata bakteria wabaya wakija wakose mahali pa kukaa.

Mtoto huwapata wapi? Kwanza kwa mama yake, wakati wa kuzaliwa na katika maziwa ya mama. Kisha katika chakula, kwa wanyama, na katika udongo anaouchezea. Bakteria wengine wa udongo, kama wale waitwao basili, hujifunga ndani ya ganda gumu, hata ukali wa tumbo hauwaui. Wengi wao ni wapita njia tu. Lakini hata mpita njia aweza kuwafundisha kitu askari wa mwili.

Askari wahitaji shule

Mwili una askari wake wa kuulinda, na wengi wao wamekaa kandokando ya matumbo. Askari asiyefundishwa ni hatari: hupiga kila mgeni, hata asiye na kosa. Ndivyo yanavyotokea magonjwa kama pumu na mzio, ambapo mwili hupigana na vumbi au chakula kisichodhuru.

Mwaka wa 2016 wataalamu wa Marekani walieleza habari za watoto wa wakulima wa namna mbili, Amish na Hutterites. Asili yao ni karibu moja, na chakula chao chafanana. Lakini Amish hulima kwa farasi, na watoto wao hucheza zizini karibu na nyumba. Hutterites hutumia mashine, na mifugo yao iko mbali. Katika watoto 100 wa Amish, kama 5 walikuwa na pumu. Kwa Hutterites, kama 21. Tena panya waliotiwa puani vumbi la nyumba za Amish walikingwa na ugonjwa ulio mfano wa pumu.

Huko Finland, mwaka wa 2020, ilitolewa habari ya shule 10 za watoto wadogo wa mjini. Katika baadhi yao udongo wa msituni na majani mabichi viliwekwa uani, watoto wakavichezea kwa siku 28. Bakteria wa ngozi zao wakawa wa namna nyingi zaidi, na katika damu zikaonekana dalili za askari waliotulia vizuri zaidi.

Na Afrika je? Katika miaka ya 1970 mtaalamu Mwingereza, John Stanford, alipata katika udongo wa kando ya Ziwa Kyoga, Uganda, bakteria asiyedhuru, wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu. Baadaye bakteria huyo aliuawa na kutengenezwa kuwa chanjo, ikajaribiwa mjini Dar es Salaam kwa watu 2,013 wenye virusi vya ukimwi. Habari iliyotolewa mwaka wa 2010 yasema ya kwamba kwa wale waliochanjwa, kifua kikuu kilichothibitishwa kilipungua kwa 39 katika 100. Chanjo hiyo haijawa ya kawaida. Lakini yaonyesha jinsi udongo wa nchi zetu ulivyo na hazina.

Je, basi tule udongo?

La, hasha! Mtu asiyatumie maneno haya kuutetea uchafu. Katika udongo huo huo mna mayai ya minyoo. Mna mabuu ya safura yapenyayo nyayo zisizo na viatu na kunyonya damu. Mna mbegu za pepopunda, iuayo watoto wachanga kwa njia ya kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Mama mja mzito alaye pemba hajipatii nguvu: udongo huo waweza kuizuia damu isipate chuma, na kumwingizia minyoo au risasi yenye sumu.

Adui mkubwa kuliko wote ni kinyesi cha watu kilichochanganyika na udongo au maji. Palipo na choo kizuri chenye kifuniko, udongo wa shamba huwa karibu na kuwa rafiki. Pasipo na choo, mchezo wa mtoto ni hatari.

Basi, wazazi, waacheni watoto walime bustani pamoja nanyi, wachunge mbuzi, wacheze nje mbali na choo. Wavaeni viatu. Wakirudi, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na kila watokapo chooni. Mama na amnyonyeshe mtoto wake; chanjo zisiachwe hata moja; na sahanini mboga na maharagwe visikosekane, maana ndivyo chakula cha wale marafiki wasioonekana.