Kabati la jikoni kwenye ukuta wa udongo

Marani, Kaunti ya Kisii, bado zimo nyumba za fito na udongo zilizopigwa lipu ya saruji. Kwa macho ukuta ni imara, kumbe ndani ni udongo mkavu. Msumari uliopigwa kwenye lipu hushika kwa muda tu, na kabati lililojaa sahani huweza kumwangukia mpishi.

Kinachobeba uzito ni nguzo. Gonga ukuta taratibu. Penye nguzo mlio hubadilika. Ukishapata mbili, toboa kwa keekee, kwani nyundo hupasua udongo. Kaza ubao mrefu wa mlalo kwa skurubu, ndipo ufunge kabati kwenye ubao huo. Ikiwa nguzo zimeliwa na mchwa, heri kabati lisimame sakafuni kwa miguu yake.